Kubadilisha silinda hedi na kabureta kwenye Mini ya cc 998

Injini ya A-Series ya cc 998, iliyofungwa kwenye magari mengi madogo ya Mini ya Uingereza, hukosa pumzi kwa sababu njia zake za kuingizia hewa ni nyembamba. Dawa yake inayofahamika ni kufunga hedi yenye vali kubwa zaidi, kama ile ya namba 12G295, pamoja na kabureta ya SU HS4 ya inchi 1.5 badala ya HS2 ya inchi 1.25. Vifungwe pamoja, kwa kuwa hedi mpya inayolishwa na kabureta ya zamani huendelea kubanwa, na pia hubadilisha mahitaji ya petroli kwa namna ambayo sindano ya zamani (ile ya ndani ya kabureta, inayopima petroli) haikukusudiwa.

Hedi ya 12G940 ya injini ya cc 1275 huwavutia wengi, lakini silinda za 998 zina kipenyo cha mm 64.6 tu, dhidi ya mm 70.6 za 1275, hivyo vali za eksozi zitagonga bloku isipochongwa nafasi ya kuzipokea. Hata 12G295 inahitaji hesabu. Chumba chake cha kuchomea mafuta kina takriban cc 28, na kikikutana na pistoni za kawaida mgandamizo unaweza kushuka, usipopunguza uso wa hedi. Kila silinda inafagia cc 249.5, ukitaka uwiano wa mgandamizo wa 9.5 kwa 1, nafasi yote inayobaki juu ya pistoni, pamoja na unene wa gasketi na bonde lililo kwenye uso wa pistoni, iwe cc 29.4. Pima ujazo wa chumba kwa sindano ya hospitali na kipande cha plastiki angavu kabla ya kumpelekea fundi wa mashine. Ikiwa hedi ni ya zamani, mwambie aweke viti vigumu vya vali za eksozi, vinavyostahimili petroli isiyo na risasi.

Tenganisha betri, mwaga maji ya rejeta, kisha ondoa kabureta, manifoldi na shafti ya roka. Tikisa kila pushi rodi (fimbo inayosukuma roka) kabla ya kuivuta ili ising'oe tapeti iliyo chini yake, na uzipange kwa mfuatano wake. Legeza nati 9 za hedi kidogo kidogo, inyanyue, halafu safisha uso wa bloku na upime unyoofu wake kwa rula ya chuma.

Gasketi huwa na alama ya upande wa juu na wa mbele, ziheshimu. Kaza nati kutoka katikati kuelekea pembeni, kwa hatua tatu, hadi Nm 54 kwa studi za zamani, au Nm 68 kwa zile za A-Plus, toleo la baadaye la injini hii. Nati za shafti ya roka zifikie Nm 32. Nafasi ya vali ni mm 0.30 injini ikiwa baridi, na kanuni ya tisa hurahisisha kazi: vali namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 1, na kadhalika, ili jumla iwe 9 daima.

Kabureta ndiyo inayohitaji subira zaidi. Manifoldi lazima iwe na tundu linalolingana na HS4, kwani ukingo wowote kwenye kiungo huvuruga mtiririko wa hewa. Jaza oili ya SAE 20 kwenye damperi iliyo juu ya kabureta, pandisha jeti (tundu la petroli) hadi isawazike na daraja, yaani sakafu ya njia ya hewa, kisha ishushe mizunguko miwili. Washa injini, iache ipate joto kamili, na unyanyue pistoni ya kabureta kiasi cha mm 0.8. Injini ikiongeza mwendo na kubaki hivyo, petroli ni nyingi, kwa hiyo pandisha nati ya jeti, ikizimika, ishushe. Mwendo ukipanda kidogo kisha ukarudi, mchanganyiko ni sawa.

Kipimo hicho kinahusu mwendo wa chini tu. Kwenye mzigo mkubwa ni sindano inayoamua, na sindano isiyofaa inaweza kunyima injini petroli mpaka pistoni ya injini itoboke. Baada ya kupanda kilima, zima injini ukiwa bado umekanyaga mafuta, ng'oa plagi, na utazame rangi: nyeupe inadai sindano nyembamba zaidi, nyeusi inadai iliyonenepa. Injini ikipoa, pima upya nafasi za vali.