Kufufua Massey Ferguson 135 Nyumbani

Trekta ninalolieleza hapa ni Massey Ferguson 135, lile jekundu lenye injini ya silinda tatu, ambalo liliundwa katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975. Kiwanda hicho kilishafungwa, lakini matrekta yake bado yanalima, yanavuta matela na kuendesha mashine za kupukuchua mahindi katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya, na mengine yamelala nyuma ya nyumba yakila kutu kwa sababu wenyewe hawajui waanzie wapi. La marehemu baba yangu lililala miaka tisa katika kibanda kilichokuwa kikivuja. Nililifufua kwa viangazi viwili, kwa zana za kawaida na kwa msaada wa fundi wa pampu za dizeli, na maelezo haya yanafuata mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Jambo la kwanza ni kujizuia. Mtu akishapata trekta la zamani hutamani kufanya mambo mawili: kulipaka rangi, au kutafuta betri na kuliwasha ili asikie sauti yake. Yote mawili ni makosa. Rangi iliyopakwa juu ya grisi na kutu hubanduka kabla ya masika kuisha, na inaficha nyufa na mivujo ambayo ulipaswa kuiona. Injini iliyolala kwa miaka, ikizungushwa kwa stata (mota ya kuwashia) bila kuandaliwa, inaweza kuvunja ringi za pistoni, kupinda fimbo za vali au kusaga beringi kavu ndani ya dakika chache.

Kabla ya kufungua nati hata moja, piga picha pande zote, hasa mahali nyaya, mirija ya dizeli na mikono ya breki inapopita. Tafuta kibati chenye namba ya trekta karibu na dashibodi, uinakili, kwa kuwa muuza vipuri ataiuliza ili ajue ni toleo gani. Kisha andaa chupa za plastiki zilizokatwa vichwa, kila moja ikiwa na jina la sehemu ambayo bolti zake zimetoka. Bolti za trekta hili ni za vipimo vya inchi, na spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayoharibu vichwa vyake. Bolti iliyoshikwa na kutu ipakwe mafuta ya kulainisha kutu jioni, igongwe kidogo kwa nyundo, iachwe hadi kesho yake, na ikikataa tena ipashwe moto. Haraka katika hatua hii hukatisha bolti ndani ya chuma, na kuitoboa iliyokatika ni kazi ya siku nzima.

Sasa soma oili. Chomoa kijiti cha kupimia cha injini, kisha kile cha gia, na usugue oili kati ya vidole. Katika Massey Ferguson 135, gia, difu na haidroliki vyote vinatumia oili moja, takriban lita 30, na pampu ya haidroliki imezama humo humo ndani. Maji ya mvua huingia kupitia mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia, hushuka taratibu, na oili hugeuka ikafanana na chai ya maziwa. La kwetu lilikuwa hivyo. Kufunga chini na kuongeza oili mpya juu hakusaidii: fungua vizibo vyote vya chini, acha itiririke usiku kucha, safisha kwa dizeli, mwaga, kisha ujaze oili nyepesi ya bei nafuu na uendeshe kwa saa chache kabla ya kuimwaga nayo na kuweka ile ya kudumu. Badilisha ule mpira wa mkono wa gia siku hiyo hiyo, maana ni wa bei ndogo na ndio chanzo cha maradhi yote.

Oili ya injini ikiwa na maji, hali ni nzito zaidi, kwa sababu huenda gaskiti ya silinda hedi imeungua au bloku ina ufa. Ikiwa ni nyeusi tu na nzito, imwage, badilisha filta, na endelea.

Ili kujua kama injini imekwama, toa nozeli tatu, yaani vipulizia vya dizeli. Zisafishe nje kwanza, ili uchafu usidondoke ndani ya silinda, na hakikisha kila nozeli inatoka na washa yake ya shaba (kile kipete cha kuzibia), kwani washa ya zamani ikibaki chini halafu ukaweka mpya juu yake, nozeli haitakaa sawa na mgandamizo utavuja. Mimina ndani ya kila silinda vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya giaboksi za otomatiki, uziache siku tatu hadi tano. Baadaye tia spana kwenye nati ya kapi la kranki (mhimili mkuu wa injini), jaribu kuzungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kuongezea bomba refu kwenye spana. Usikubali shauri la kulifunga mnyororo nyuma ya trekta jingine na kulivuta likiwa kwenye gia. Nimeona injini iliyokuwa nzima ikivunjwa namna hiyo mbele ya watu waliokuwa wakishangilia.

Injini ikizunguka, fungua kifuniko cha vali na uizungushe tena polepole ukitazama kila vali inavyoshuka na kupanda. Vali iliyoganda ipewe mafuta na kugongwa taratibu kwa kipande cha mbao hadi ilegee. Nafasi ya vali kwa injini hii, ambayo ni Perkins AD3.152 ya takriban lita 2.5, ni milimita 0.30 ikiwa baridi. Hapa kuna faraja kwa mwenye kipato cha kawaida: injini za jamaa hiyo ziliendelea kutumika katika matrekta mengine, likiwemo Massey Ferguson 240 lililoundwa Pakistan, kwa hiyo pistoni, slivu, ringi na gaskiti zake bado zinatengenezwa. Tahadhari moja tu kuhusu vipuri: duka moja liliniuzia sili za oili (pete za mpira za kuzuia mvujo) zilizofungwa vizuri katika boksi zuri, lakini mpira wake ulikuwa mgumu kama plastiki, na zilivuja ndani ya wiki. Pinda mdomo wa sili kwa kidole dukani. Usiporudi wenyewe kwa wepesi, iache.

Nozeli usizijaribu nyumbani. Dizeli inayotoka kwenye tundu la nozeli ina shinikizo la kupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo huku mkono ukiharibika ndani, hivyo yeyote aliyechomwa nayo apelekwe hospitali mara moja. Zipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Pampu yenyewe, ile ya mzunguko aina ya CAV DPA, usiifungue uwani. Lakini kabla ya kuitoa na kuipeleka kwa fundi, angalia kama mkono wake wa kuzimia unacheza. Ukiwa umeganda mahali pa kuzima, injini haitawaka kamwe. Ukiwa umeganda mahali pa kuwaka, haitazimika. Ndiyo maana siku ya kuwasha uwe na ubao bapa karibu, wa kuziba mdomo wa kuingizia hewa endapo injini itapanda mbio bila kutii. Usitumie mkono wala kitambaa.

Tangi la dizeli lioshwe, si kumwagwa tu. Maji hukaa chini ya dizeli, na chini yake hukaa matope mekundu ya kutu. Weka kokoto ndogo safi na dizeli kidogo, litikise, limwage, urudie hadi kitambaa cheupe kitoke kisafi. Badilisha filta zote na kile kibakuli cha chini ukisugue. Filta ya hewa ya bakuli la oili nayo ifunguliwe; ndani ya yetu kulikuwa na kiota cha nyigu kilichojaa udongo, na bomba la ekzosi lilikuwa na kingine.

Kazi inayowashinda wengi ni kutoa upepo katika mfumo wa dizeli, nayo haihitaji nguvu bali utaratibu. Jaza tangi, fungua koki, legeza skrubu iliyo juu ya filta, kisha sukuma mara kwa mara ule mkono mdogo wa pampu ya kuvutia dizeli hadi mapovu yaishe na dizeli tupu itoke. Ukiona mkono huo hauna ukinzani wowote, huenda pampu si mbovu: kamu iliyo ndani (kile kinundu kinachoisukuma) imesimama juu, basi zungusha injini mzunguko mmoja na ujaribu tena. Kaza skrubu ya filta, hamia kwenye skrubu za pampu kubwa, moja baada ya nyingine, ufanye vivyo hivyo. Mwisho legeza nati za mirija pale inapoingia kwenye nozeli, weka mkono wa mafuta wazi, piga stata kwa sekunde chache chache hadi dizeli ichuruzike kwenye kila nati, kisha ukaze. Injini yetu ilikohoa kwenye silinda ya pili, ikanyamaza, na jaribio la tatu ikashika.

Kabla ya stata hiyo, hata hivyo, kuna umeme. Matrekta ya Kiingereza ya zamani mara nyingi yaliunganishwa na ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo, na mengine yamebadilishwa na mafundi njiani. Fuata nyaya hadi ujue lako liko upande gani, kwa sababu kugeuza betri huunguza oltaneta mara moja. Nyaya zilizotafunwa na panya zisiungwe kwa utepe wa plastiki. Mfumo huu una nyaya chache sana, na kuziweka zote upya ni kazi ya siku mbili.

Injini ikiwaka, tazama geji ya oili kwanza. Isipopanda ndani ya sekunde chache, zima. Kisha tazama maji, sikiliza, na iache ipate joto bila kuivumisha. Moshi wa bluu wa dakika za mwanzo ni yale mafuta uliyomimina. Ukidumu baada ya saa kadhaa za kazi, ringi zimechoka.

Kuhusu klachi lazima niseme kwa uzito. Trekta hili halina chesisi: injini imefungwa moja kwa moja kwenye giaboksi, na ili kufikia klachi unalitenganisha katikati vipande viwili, kila kimoja kizito cha kutosha kuua. Kabla ya kuligawa, piga kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na mwili wa injini, maana ekseli hiyo hucheza kwenye pini moja ya katikati na bila kabari nusu ya mbele itapinduka. Tumia stendi za chuma juu ya sakafu ngumu, kamwe usitegemee jeki peke yake wala matofali. Usipokuwa na sakafu ya zege na watu wawili wanaojua, mwachie fundi. Vilevile, sahani za klachi na viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto, kwa hiyo vumbi lake lisipulizwe. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa. Ukikuta viatu vya breki vimelowa oili, sili ya shafti ya tairi la nyuma imekwisha, na viatu vipya bila sili mpya ni fedha iliyotupwa.

Mabati yaliyoliwa na kutu niliyatibu kwa molasi, ile ile ya kulishia ng'ombe: sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, ndani ya pipa, kwa wiki mbili. Inanuka vibaya, lakini inaondoa kutu bila kugusa chuma kizima. Usitumbukize humo kitu cha aluminiamu, kwa sababu itakila. Vitu vikitoka, vioshwe, vikaushwe juani, na vipakwe rangi ya msingi siku hiyo hiyo, la sivyo kutu hurudi usiku. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, hivyo isugue kwa msasa wa maji na uvae barakoa. Weka rangi ya msingi ya oksidi mara mbili, kisha nyekundu kwenye boneti na madigadi, na kijivu kwenye injini na giaboksi. Namba ya kibati ifunikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili isizibwe na rangi.

Lifanyishe kazi nyepesi kwa saa 20 hadi 30, ubadilishe oili ya injini, ukaze upya nati za matairi na bolti za ekzosi, ndipo uliingize shambani na jembe. Mengi ya matrekta haya hayakuja na fremu ya kumkinga dereva. Mchomeleaji mzuri akufungie inayofaa, na mzigo uvutwe siku zote kutoka kwenye baa ya chini, kwa kuwa ukifungwa juu, trekta huinuka mbele na kumwangukia aliyekaa.

Pedali ya klachi ya trekta letu imelika upande wa kushoto, pale buti la baba lilipokanyaga kwa zaidi ya miaka 20. Fundi wa rangi alitaka kuijaza chuma na kuilainisha ilingane na ile ya breki. Nilimzuia. Nimeipaka grisi kidogo kwenye ekseli yake, na uso wake nimeuacha kama ulivyo.