Ukiongeza moto wa injini chubwi linapanda: jinsi ya kujua kina chako kwenye daunriga

Wazee wa kurambaza (kuvua huku boti inavuta chambo), daunriga ni winchi ya kushusha chambo kwa waya wenye chubwi, yaani uzito wa kuzamisha, na kaunta yake ikiandika 20 haimaanishi chubwi liko mita 20 chini, hiyo ni waya uliotoka tu. Boti ikitembea maji yanasukuma chubwi nyuma, waya unalala, na ukizidisha spidi mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Mfano umetoa mita 20, kwa noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa) waya umelala digrii 10 kutoka wima, chubwi liko karibu mita 19.7. Panda noti 4 inakuja kama digrii 35, hapo uko mita 16 na kidogo, nguru wako chini wanakusikiliza tu.

Kupima chukua kipima pembe cha kwenye mkebe wa mtoto wa shule, funga katikati yake uzi wenye nati mwishoni, kiweke sambamba na waya uone umelala kiasi gani. Digrii 20 toa asilimia 6 ya waya, 30 toa 13, 45 toa karibu 30. Waya mrefu unajipinda kwa hiyo hii ni ya kukaribia. Mimi naamini zaidi mchanga: tafuta sehemu tambarare isiyo na mwamba, pima kina kwa sona (kipimo cha mawimbi ya sauti) au bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina), tembea kwa spidi yako ya siku zote huku unaachia waya taratibu mpaka chubwi liguse, andika namba, rudia spidi nyingine.

Sasa GPS ndo inachanganya watu, inakupa spidi ya juu ya ardhi wakati chubwi linajua maji tu. Ukitoka Mtwara kwenda Lindi na mkondo wa noti 1 unakusukuma, GPS ikisoma 3 kwenye maji ni 2, ukigeuza kurudi kwa 3 ileile ni 4 kwenye maji, na kipindi cha kusi (upepo wa kusini) mkondo wa kwenda kaskazini unakuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo angalia waya, siyo skrini.

Ukitaka kukimbia ongeza uzito, na madini ya risasi ni bora kuliko chuma maana kwa kilo zilezile inakuwa ndogo. Waya mwembamba nao unasaidia sana. Kwenye kona chubwi la upande wa ndani linazama la nje linapanda, na ukisimamisha boti yote yanashuka mpaka mwisho wa waya, so kama uko juu ya mwamba vuta kwanza ndo upunguze moto.