Viboga vinadondoka vikiwa vidogo? Chavusha mwenyewe kwa mkono, na mbegu utunze

Kila msimu naulizwa swali hilo hilo na watu wanaolima maboga nyuma ya nyumba, mmea umetambaa vizuri, majani mapana, maua kibao, ila viboga vikifika saizi ya limao vinageuka njano vinaoza vinadondoka. Mtu anakimbilia duka la pembejeo anauziwa dawa ya wadudu. Mimi pia niliuziwa, nikapiga asubuhi maua yakiwa wazi, nyuki wakaisha kabisa na viboga vikazidi kudondoka, msimu mzima ukaenda hivyo na iliniuma sana. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote pale, ua halijapata chavua ya kutosha basi. Hiyo kazi unaweza kuifanya kwa mkono, dakika mbili tatu kwa ua, na ukiifanya vizuri unapata na mbegu safi za kupanda mwakani.

HATUA YA 1: jua lipi dume lipi jike

Boga sio kama maharage ambayo ua moja lina kila kitu. Hapa shina moja linatoa maua ya aina mbili. Dume linakaa kwenye kikonyo kirefu chembamba, ukichungulia ndani kuna kijiti kimoja kimejaa unga wa njano, huo unga ndo chavua. Jike kikonyo chake kifupi kinene na chini ya ua tayari kuna kiboga kidogo, hiyo ndo ovari, halafu katikati ya ua kuna stigma, inanata ukiigusa. Madume hutangulia, siku za mwanzo unaweza usione jike hata moja, usiogope wala usiongeze mbolea. Na kama nyumbani mnapika maua pamoja na majani, chumeni madume tu tena mbakize, maana kila jike linaloingia sufuriani ni boga limeenda.

HATUA YA 2: jioni funga

Pita jioni utafute maua yatakayofunguka kesho, utayajua tu, yamevimba, ncha imeanza unjano ila bado yamejikunja kama mwavuli. Chagua jike moja na madume mawili au matatu, ikiwezekana madume yatoke shina lingine la aina ile ile. Yafunge ncha kwa uzi au selotepu, taratibu usichane. Nyuki anaamka mapema kuliko wewe na hujui katokea kwenye boga la nani. Tango na tikiti la jirani visikutishe, hivyo havizaliani na boga, shida ni maboga mengine ya ukoo mmoja na lako.

HATUA YA 3: asubuhi na mapema

Ua la boga linafunguka mara moja tu, alfajiri, jua likishapanda linasinyaa na halifunguki tena. Kwahiyo nenda kati ya saa 12 na saa 2. Chuma dume, ng'oa petali zote ubaki na kile kijiti, fungua jike polepole, pakaza ule unga kwenye stigma pande zote, kisha chukua dume la pili urudie. Usiwe bahili hapa jamani. Kila mbegu inahitaji punje yake ya chavua na boga moja linaweza kuwa na mbegu mamia, likipata kidogo linakua limepinda upande au linadondoka kabisa. Chavua ikilowa mvua achana nayo, subiri ua lingine. Ukimaliza funga jike tena, na kwenye kikonyo funga kitambaa chekundu ulijue baadae.

HATUA YA 4: mikono mbali, kazi iko ndani

Hapa ndo napapenda kuliko pote. Punje ya chavua ikishanata kwenye stigma inaota, inatoa mrija mwembamba sana unaoshuka hadi ndani ya ovari kutafuta ovuli, yaani kile kipunje kitakachokuja kuwa mbegu, na mrija umebeba seli mbili za kiume. Moja inaungana na yai, hapo ndo kiinitete, yaani mmea mtoto. Ya pili haipotei bure, inaungana na viini viwili vilivyo katikati ya ovuli vinatengeneza chakula cha huyo mtoto. Sergei Nawaschin ndo aliyeeleza hili mwaka 1898 kule Kyiv, alikuwa anachunguza mayungiyungi. Kwenye mahindi chakula hicho kinabaki, unga wa sembe unaosongea ugali ni hicho hicho hasa. Kwenye boga mtoto anakimaliza mapema, anakiweka kwenye majani yake mawili ya kwanza, ndo ile nyama nyeupe unayotafuna ukibangua mbegu. Ngozi ya ovuli inakuwa ganda la mbegu, ovari inavimba inakuwa boga. Sasa ovuli zisiporutubishwa mmea unaendelea kulisha kiboga cha nini? Unakiachia kinaanguka.

Na hili watu hunibishia sana: nyama ya boga ni ya mama peke yake. Chavua ya jirani haibadilishi ladha wala rangi ya boga la mwaka huu, inambadilisha mtoto aliye ndani ya mbegu, utaona ukizipanda. Mahindi ni tofauti, panda meupe karibu na ya njano utaona punje za njano kwenye gunzi lako msimu huo huo, kwasababu pale unakula kile chakula cha mtoto na baba kachangia.

HATUA YA 5: kukomaa na kutoa mbegu

Wiki moja inatosha kujua kama limeshika, kiboga kinanenepa na kung'aa. Liache shambani mpaka kikonyo kikauke na kucha isipenye ganda, ukishavuna usilipasue haraka, liweke kivulini wiki tatu hivi kwasababu mbegu bado zinajaza ndani. Kisha toa mbegu, osha utelezi wote, mapepe yanayoelea mwaga, tandaza kwenye sahani kivulini, sio juani kwenye bati. Kunja moja: ikipinda bado, ikikatika zimekauka. Weka kwenye chupa yenye kifuniko, andika aina na mwaka.

Mbegu chotara za dukani usihangaike kuzitunza, watoto wake hawafanani na mama. Na boga lolote, hasa la mbegu za kuokoteza, ukilionja likawa chungu kama shubiri tema, tupa lote, ule uchungu ni sumu na kupika hakuutoi.