Somo: Kudai bima ya utunzaji wa muda mrefu ilipie makazi ya mzee

Ndugu zangu, wengi hapa Kigoma tuna mtu aliyezeekea Marekani. Kwangu mimi ni shangazi, nesi mstaafu, yuko Ohio. Ana bima ya utunzaji wa muda mrefu, ile inayolipia msaada wa kila siku mzee akishindwa kujihudumia. Bintiye anafanya kazi usiku, kwa hiyo makaratasi nimeyasimamia mimi kwa simu nikiwa Mwanga. Saa tatu usiku huku, kwao mchana.

Hatua ya 1. Tafuta mkataba wenyewe, si kadi. Angalia kama unataja makazi ya usaidizi, yale ambayo mzee ana chumba chake ila anasaidiwa kuoga na kumeza dawa. Mikataba mingine ya zamani hulipia nyumba za uuguzi tu. Mzee asaini pia idhini ya wewe kuongea na kampuni, la sivyo watakukatia simu.

Hatua ya 2. Thibitisha kwamba hawezi. Bima hii hailipi uzee. Kwa kawaida awe ameshindwa mambo mawili kati ya sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuzuia haja, kutoka kitandani hadi kitini, na hali itarajiwe kudumu siku 90 au zaidi. Au awe amepoteza kumbukumbu kiasi cha kuhitaji mtu wa kumwangalia.

Hapa ndipo tulipokwama. Mtathmini wa kampuni ya bima alipofika, shangazi alijitanda kanga, akaagiza chai, akasema, "Naoga mwenyewe, mwanangu." Vifungo vya blauzi alifungwa na bintiye asubuhi ile ile! Lakini nani atamwambia mgeni kwamba anavuliwa nguo? Dai likakataliwa. Tukakata rufaa kwa barua ya daktari na daftari la wiki mbili: nani kamuogesha, saa ngapi, kajikwaa wapi. Likapita. Nyie anzeni na daftari.

Hatua ya 3. Jipangeni kwa siku za kusubiri kabla bima haijaanza kulipa, mara nyingi 30, 60 au 90, mnazolipa wenyewe. Nyumba ikitoza dola 150 kwa siku, siku 90 ni dola 13,500. Mikataba mingine huhesabu tu siku zenye huduma ya kulipiwa; mwanawe akimuogesha bure, siku hiyo haimo.

Hatua ya 4. Kabla ya kuhamia, kampuni ithibitishe kwamba leseni ya nyumba inakubalika. Baada ya hapo ni kutuma ankara kila mwezi.

MASWALI

Ujiji: Shikamoo dada. Kwani Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hailipi?
Marahaba. Inalipia matibabu, na nyumba ya uuguzi kwa muda mfupi baada ya kulazwa. Makazi ya usaidizi, hapana.

Gungu: Akianza kulipwa, ada anaendelea kutoa?
Mikataba mingi huisimamisha. Ila msiache wenyewe kabla ya barua ya kampuni, bima isije ikakatika.

Kasulu: Nataka mama arudi nimtunze mwenyewe. Watamlipa huku?
Mikataba mingi hailipi nje ya Marekani. Michache hulipa pungufu, kwa muda maalumu. Wakujibu kwa maandishi kabla hujakata tiketi. Na huku NHIF hulipia matibabu tu. Dada wa kumuogesha utamlipa mfukoni mwako.