SUV ya haibridi: ipime hivi kabla hujatoa pesa yako Nairobi

Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, hulipa kwenye foleni. Anayetoka Rongai alfajiri kwenda Upper Hill, akabanwa Lang'ata Road asubuhi na jioni, ndiye aliyetengenezewa gari hili. Kila akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kila akisimama, injini huzima. Anayeshika barabara ya Nakuru kwa kilomita 100 kwa saa hana breki za kuvuna umeme, na faida yake ni ndogo mno. Kwa hiyo weka kando habari ya rangi na viti vya ngozi, anza na kalamu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya kilomita zako

Unahitaji kujua mambo matatu: kilomita unazoendesha kwa mwaka, ngapi kati ya hizo ni za mjini, na haibridi imezidi bei ya gari la petroli la mwaka uleule na hali ileile kwa kiasi gani. Bei ya mafuta chukua ile ambayo EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Hapa nitatumia shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi.

Tuchukue Harrier ya umbo la 2014 hadi 2020. Ya petroli ya 2.0, ikiwa kwenye foleni zetu, ihesabie kilomita 9 kwa lita. Haibridi ya 2.5 ihesabie 15. Ukienda kilomita 15,000 za mjini kwa mwaka, ya petroli itakunywa lita 1,667 na haibridi lita 1,000. Umeokoa lita 667, yaani shilingi 120,000. Haibridi ikiwa imezidi kwa shilingi 400,000, pesa hiyo inarudi kwa miaka mitatu na miezi minne.

Sasa chukua magari hayohayo uyapeleke barabara kuu, kilomita 12 kwa lita na 14 kwa lita. Kwa kilomita zilezile 15,000 unaokoa kama shilingi 32,000 tu, na utasubiri zaidi ya miaka 12. Na mtu wa mjini anayeendesha kilomita 8,000 kwa mwaka, kwa sababu siku nyingi anafanyia kazi nyumbani, anaokoa shilingi 64,000; atasubiri miaka sita na kitu.

Kisha ongeza betri. Pigia mafundi watatu wanaoshughulikia haibridi, uliza betri nzima ya gari lile itagharimu ngapi ikiwa imefungwa na ina garantii ya maandishi. Chukua bei ya katikati, weka nusu yake kwenye hesabu hata kama betri iliyopo ni nzima. Matokeo yakizidi miaka mitano, nunua ya petroli. Usijibembeleze na ile takwimu ya Japani ya zaidi ya kilomita 21 kwa lita iliyo kwenye tangazo la yadi. Hiyo ilipimwa maabara, hakuna mtu aliyeipeleka Outering Road saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 2: Jua ni haibridi ya aina gani

Neno hilo limebandikwa kwenye magari yasiyofanana hata kidogo.

Chaguo langu la kwanza kwa Nairobi ni mfumo wa Toyota: Harrier, RAV4 ya kuanzia 2019, C-HR, na Lexus NX300h. Hauna mkanda wa CVT (gia isiyo na hatua, inayoendeshwa na mkanda), hauna klachi ya kuungua, hauna stata wala alteneta. Una gia chache za chuma zinazozungukana kama sayari na mota mbili, na mafundi wanaoujua wapo wengi kwa sababu teksi za Prius na Aqua zimewafundisha.

Honda Vezel ya kabla ya 2021 ni jambo jingine. Ina gia saba za klachi mbili, na klachi hizo huchoka kwa kutambaa, kusimama, kutambaa, yaani ule mwendo wa Mombasa Road penyewe. Honda iliyaita magari hayo gereji mara kadhaa huko Japani kurekebisha programu ya gia. Ukiipenda, ijaribu kwenye foleni ikiwa imeshapata moto. Ikitetemeka ikianza kuondoka au ikitoa onyo la gia kupata joto, iache. Vezel ya e:HEV ya kuanzia 2021 haina gia hizo, na ni gari zuri.

X-Trail haibridi ya umbo la T32 bado ina CVT, na spea zake za haibridi ni za kusakwa. Forester na XV za e-Boxer, haibridi ya Subaru, zina mota ndogo ya kilowati 10. Zinunue kwa sababu ya uimara wake kwenye matope, usizinunue kwa ajili ya mafuta. Outlander ya kuchomeka kwenye umeme ina maana ukiwa na soketi yako mahali unapoegesha. Kama unakaa fleti na unaegesha barabarani, utakuwa unabeba betri nzito bila faida.

Hatua ya 3: Makaratasi

Tafuta gari kwa namba ya usajili kwenye tovuti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, ulinganishe jina na namba ya chesisi na logibuku. Gari likiwa limetoka Japani juzi, dai karatasi ya mnada na cheti cha ukaguzi kilichofanywa kabla ya kupakiwa, kisha linganisha kilomita. Ukiagiza mwenyewe, kumbuka gari lisizidi miaka minane tangu usajili wa kwanza.

Hatua ya 4: Pima betri kubwa ikiwa inafanya kazi

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, kwa hiyo nenda polepole.

Vifaa: adapta ya OBD2 ya Bluetooth (huchomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake), simu, na programu ya Dr. Prius kwa Toyota na Lexus. Adapta nunua nzuri. Zile za bei ya chini kabisa husoma polepole, na usomaji wa polepole hudanganya: bloku (fungu dogo la betri linalosomwa pamoja) ya kwanza inasomwa mguu ukiwa kwenye mafuta, ya mwisho inasomwa ukiwa umeshaachia, halafu skrini inaonyesha tofauti ambayo haipo. Ukiona bloku tofauti inakuwa dhaifu kila sekunde, shuku adapta kabla ya kushuku betri.

Njoo na skana yako. Usikubali skana ya muuzaji, wala picha ya skana aliyokutumia kwa WhatsApp.

Mwambie asiwashe gari kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti: likiwa na joto, ahirisha, rudi siku nyingine. Washa, kisha kabla ya kusoma chochote kingine tafuta mstari wa umbali uliosafiriwa tangu misimbo ya hitilafu ifutwe. Mstari huo mmoja una thamani kuliko maneno yote ya dalali. Ukisoma kilomita 12 na gari lina kilomita 90,000, kuna mtu amefuta kitu wiki hii. Muulize alichofuta. Huenda alibadilisha sensa kwa haki kabisa, lakini basi awe na risiti. Jibu likiwa "hiyo ni kawaida", unaweza kwenda nyumbani.

Msimbo unaoogopewa ni P0A80, maana yake kompyuta ya gari imeikataa betri. Lakini msimbo hufutika kwa kubonyeza mara moja, na unaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu. Kinachothibitisha ni voltaji za bloku gari likiwa linavuta.

Harrier ya 2014 hadi 2020 na RAV4 ya 2019 zina betri ya nikeli yenye moduli 34, yaani vipande vinavyoiunda, zinazosomwa kama bloku 17, jumla volti 244.8. C-HR ina moduli 28, bloku 14. Gari likiwa limesimama, bloku zote zinaweza kufanana hata kama betri imekwisha, ndiyo maana kipimo cha pale yadi ni cha bure. Endesha dakika 20 hadi 30 kwanza, betri ya nikeli isome ikiwa na joto la kazi. Washa kiyoyozi. Halafu tafuta mlima. Valley Road kupanda kutoka upande wa Kenyatta Avenue unatosha. Mtu wa Limuru Road atapata milima yake. Kanyaga mafuta kwa nguvu kwa sekunde kumi, na mtu wa pembeni aangalie tofauti kati ya bloku yenye volti nyingi na yenye chache. Usiangalie simu wewe mwenyewe ukiwa unaendesha.

Tofauti ya volti 0.1 au 0.2 ni nzuri. Ikifika 0.3 hadi 0.5, betri inaanza kuchoka, na bei lazima ishuke. Ikikaribia volti 1 kila unapokanyaga, na bloku ni ileile, hiyo betri unanunua wewe. Rudia mara tatu. Mara moja haitoshi, hasa kama gari lilikaa yadi miezi bila kuwashwa. Betri iliyolala hutulia kidogo baada ya kuzungushwa, na unaweza kulikataa gari zuri bure.

Angalia pia ni bloku gani. Za katikati hupata joto zaidi, kwa hiyo kwa kawaida huchoka kwanza. Ikichoka ya pembeni peke yake, huenda vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vimeshika kutu, na hapo kusafisha kunaweza kutosha. Au betri ilishafunguliwa na moduli moja mbili kubadilishwa. Mimi sinunui betri ya kubandikwa hivyo: moduli ngeni haina umri sawa na wenzake, na baada ya miezi michache nyingine inaanguka, kisha nyingine.

Sasa shuka mteremko ukigusa breki taratibu. Kiwango cha chaji kipande polepole. Kwa kawaida kompyuta hukiweka kati ya asilimia 40 na 80. Kikiruka kutoka chini hadi juu kabisa ndani ya dakika mbili, kisha kikaanguka haraka vilevile, uwezo wa betri umepungua.

Mwisho, sikiliza kiti cha nyuma. Chini yake kuna matundu yanayovuta hewa ya kupoza betri, na kwa magari mengi nyuma ya matundu kuna kichujio. Feni ikivuma kwa sauti mchana wa kawaida, chomoa kichujio ukitazame. Vumbi la barabara ya murram hukiziba kama blanketi, na betri nyingi zinazosemekana zimekufa zimeuawa na kichujio cha kusafishwa kwa brashi na dakika tano. Hapohapo inua zulia. Tope kavu, harufu ya ukungu au kijani kwenye viunganishi ni gari la mafuriko. Liache hata kama vipimo ni vizuri.

Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse, na usimruhusu fundi afungue betri pale yadi ili "akuonyeshe". Volti 244 za umeme wa moja kwa moja huua.

Hatua ya 5: Vitu vingine

Betri ndogo ya volti 12 haiwashi injini kwenye Toyota hizi, huamsha kompyuta. Ikiwa dhaifu, dashibodi hujaa taa za ajabu na watu huuziwa betri kubwa bila sababu. Ipime kwanza. Ikiwa imewekwa ndani ya gari, inayofuata iwe ya aina iliyofungwa yenye bomba la kutolea gesi. Betri ya kawaida ya maji isiingie humo.

Kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limewashwa na kimya. Pampu ikilia kila mara hata ukiwa umeachia, mfumo wa breki unavuja shinikizo ndani, na kifaa hicho ni ghali. Usidharau hili.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota, ina tangi lake dogo la maji ya kupozea, tofauti na la rejeta. Yawe ya waridi. Yakiwa meupe kama maji ya bomba, kuna aliyejaza maji ya bomba.

RAV4 zenye mota ya nyuma za 2019 hadi 2021: ingia chini uangalie waya wa machungwa unaokwenda kwenye mota ile. Kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kiunganishi chake hushika kutu. Gari kutoka kaskazini mwa Japani linahitaji tochi.

Hatua ya 6: Kukubaliana bei

Peleka picha za skrini zenye tofauti ya voltaji, si maneno. Betri yenye tofauti ya volti 0.4 inastahili punguzo la angalau nusu ya ile bei ya katikati uliyoipata kwa mafundi. Muuzaji akikupa "garantii ya betri", iandikwe: miezi mingapi, nani anaitoa, na kama ni betri nzima au moduli moja. Uliza pia kampuni yako ya bima kubwa kama betri iliyoingia maji ya mafuriko inalipwa, na jibu lije kwa barua pepe kabla hujalipa.

Wiki ya kwanza badilisha mafuta ya gia kwa Toyota ATF WS, pamoja na yale ya mota ya nyuma ambayo gereji nyingi huyasahau. Safisha kichujio cha betri, na ukikaa penye vumbi kisafishe tena kila kilomita 10,000. Hifadhi vipimo vya bloku vya siku ya kununua. Baada ya miezi sita pima tena mlima uleule, kiyoyozi kikiwa kimewashwa vilevile, ulinganishe.