Maoni ya Mtaa Kuhusu Mswada wa Nyumba: Yaandike Hivi Yasomwe

Nina saiberi karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Kompyuta tatu, printa mbili, moja mgonjwa wa kudumu. Watu huniletea matangazo ya mazishi, barua za kuomba kazi na, tangu ushuru wa nyumba, yaani makato ya kujengea nyumba za bei nafuu, uanze kukatwa, memoranda: maoni ya maandishi ambayo wananchi hupelekea bunge kuhusu mswada. Nimepiga chapa nyingi hadi sasa mtu akiingia tu na karatasi zake mkononi, najua zipi zitasomwa na zipi zitaishia kufungia mandazi.

Mzee mmoja wa Manyatta alikuja na kurasa nane za mkono. Zilianzia Uhuru, zikapitia ahadi za kila mbunge, zikamlaani mwenye nyumba wake. Mtaro wa maji taka, uliomtoa nyumbani asubuhi ile, niliukuta ukurasa wa sita.

"Mama, piga zote vile zilivyo," akasema.

"Mzee, mtaro ndio uliokuleta?"

"Ndio huo."

"Basi tuanzie ukurasa wa sita."

Kabla ya kuandika, tafuta mswada wenyewe. Usiandike kwa kusikia redioni. Miswada ya kitaifa iko kwenye tovuti ya Bunge. Ile ya kaunti, iulizie kwa karani wa bunge la kaunti. Isome kwa simu, kisha uprinti vifungu vinavyokugusa pekee. Kwangu ukurasa ni shilingi kumi, na mswada mzima utakula pesa ya unga. Angalia pia ni bunge lipi linaloushughulikia. Katiba inayalazimisha yote mawili yasikize wananchi, Bunge la kitaifa kwa Kifungu cha 118 na la kaunti kwa cha 196, lakini barua iliyopelekwa kwa karani asiye wake haina miguu ya kujirudisha.

Sasa chora jedwali la safu tatu: kifungu, tunachopendekeza, sababu. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaandika "serikali ituangalie." Karani ataliweka wapi neno hilo? Tuseme kifungu kinasema wapangaji wa nyumba zinazobomolewa "watafikiriwa." Usilalamike kwamba hilo ni neno la mtego, ingawa ni mtego kweli. Andika unavyotaka lisomeke: "Mpangaji aliyekuwa akiishi hapo siku ya notisi atapewa nafasi ya kwanza katika nyumba mpya." Mpe mbunge sentensi iliyoiva, yeye aipakue tu.

Anayedhani hoja moja haina nguvu akumbuke ushuru wenyewe. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu iliuharamisha, na mojawapo ya sababu ni kwamba ulitozwa watu wa mishahara pekee, jambo ambalo majaji waliliona ni ubaguzi. Sheria mpya ya nyumba za bei nafuu ilipotiwa saini Machi 2024, ilirudi na asilimia 1.5 ileile ya mshahara, mwajiri naye 1.5, lakini safari hii ikawagusa hata wenye mapato yasiyo ya mshahara. Kuna waliokuja hapa wakinuna kwamba kelele zao ndizo zilizoleta ushuru hadi kwenye kibanda cha samaki. Sikuwabishia.

Jitambulishe kwa maneno ya sheria. Sheria hiyo ya 2024 inawaweka wenye mapato ya chini ya Sh20,000 kwa mwezi kwenye nyumba za kijamii, na wa kuanzia 20,000 hadi 149,000 kwenye nyumba za bei nafuu. Ukiandika "sisi maskini wa Nyalenda," anayesoma atakuonea huruma na kufunua ukurasa. Ukiandika "kati yetu 43 tuliotia saini, 38 tunapata chini ya Sh20,000," itambidi aulize ni nyumba ngapi za kijamii zimepangwa. Lakini hesabuni kweli, mlango kwa mlango.

Na ushahidi uwe wa kupimika. Yule mzee nilimrudisha mtaani na futi ya fundi cherehani. Akarudi jioni, suruali imekunjwa hadi magotini: upana sentimita 60, matope sentimita 45, umeziba kuanzia ukuta wa kanisa hadi kwenye kisiagio, hatua 70. Nikaweka picha mbili chini ya jedwali. Kurasa nane zikawa mbili.

Kupeleka nako kuna mambo yake. Memoranda ya plot yetu niliipiga mimi mwenyewe, nikaipenda, nikaipeleka Jumatatu ilhali mwisho ulikuwa Ijumaa iliyotangulia. Nikamwachia askari wa lango wa ofisi fulani, bila muhuri, nikarudi nyumbani nimetulia kama aliyelipa deni. Haikuonekana tena. Siku hizi naprinti nakala mbili: moja inabaki kwa karani, ya pili narudi nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nami naangalia wino ukikauka. Nambari za vitambulisho vya waliotia saini ziwe kwenye ile ya karani tu. Msizitupe kwenye kikundi cha WhatsApp, matapeli hawalali.

Mswada ukishakuwa sheria bado mtaro haujachimbwa. Sheria ya 2024 inaruhusu pesa za hazina ya nyumba zijenge pia miundombinu inayoendana na nyumba, na imeunda kamati ya nyumba katika kila kaunti. Pelekeni jedwali lilelile huko. Bajeti ya kaunti nayo ina kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Aliyeleta maombi Mei anayakuta makadirio tayari bungeni. Mimi nimezibandika tarehe hizo juu ya printa ile mgonjwa.

Mzee alirudi Alhamisi na nakala yake, muhuri wa buluu umekaa upande kidogo. Akauliza kama naweza kuilaminesha. Nikamwambia ni shilingi hamsini. Akahesabu za kumi kumi mezani, akasema, "Weka, na usiikunje."