Somo: Kugawana kazi za Krismasi nyumbani kwa wazazi

Kila Desemba naulizwa jinsi familia kubwa inayokusanyika Moshi inavyoweza kula Krismasi bila wakamwana kukosa ibada kwa ajili ya masufuria. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Pateni idadi ya walaji kabla ya Jumapili ya tatu ya Majilio.

2. Changeni fedha, na mtu mmoja azitunze kwa daftari.

3. Gawaneni kazi kwa majina, na kila kazi ikabidhiwe nzima. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Wanaume hujitwalia mbuzi kwa kuwa kuchinja kuna heshima yake, kisha beseni la utumbo huachwa mlango wa jikoni, nzi wakilizunguka, likisubiri "akina mama". Aliyepewa mbuzi amepewa kumnunua, kumchuna, kusafisha utumbo na kufukia taka. Aliyepewa pilau amepewa pia kuchambua mchele na kusugua ukoko. Angalizo: msiandike "wanawake: jikoni", kwani huko si kugawana. Angalizo la pili: msimfanye mama mwenye nyumba kuwa msimamizi, maana atafanya yote mwenyewe.

4. Tumieni ibada mbili. Watakaokwenda ibada ya mkesha tarehe 24 ndio watakaopika asubuhi ya tarehe 25, na waliobaki usiku wakichemsha nyama na kutwanga viungo waende ibada ya asubuhi.

5. Tarehe 26, asiondoke mtu kabla ya kukabidhi alichoshika.

MASWALI

Mchele kiasi gani?
– Kilo 1 kwa watu 6 hadi 8. Idadi yenu mnaijua ninyi. Rejea hatua ya kwanza.

Kwa hiyo wanaume nao tusugue masufuria?
– Soma tena hatua ya tatu.

Sisi tuna dada wa kazi, si atamaliza yeye?
– Dada naye ana wazazi wanaomsubiri. Mpeni nauli mapema.

Shikamoo mama. Mama mkwe huona kuondolewa jikoni ni kudharauliwa. Nifanyeje?
– Marahaba mwanangu, umeuliza vema. Usilianzishe wewe, mumeo ndiye azungumze na mama yake, tena kabla hamjasafiri. Kisha mpeni kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza: yeye ndiye aonje chumvi, aamue fungu la nyama la kila jirani, na awakusanye wajukuu kwa Luka sura ya 2 wakati ninyi mnapakua. Mpelekeeni kiti karibu na jiko, aone kila kinachoendelea.

Je, ndizi za mtori zimenywe usiku?
– Zinasubiri asubuhi, kwa sababu zilizomenywa huwa nyeusi.

Naongezea: ukilazimika kumenya mapema, ziloweke kwenye maji, na upake mafuta ya kupikia mikononi ili utomvu usigande.
– Asante. Paka na kisu pia.